Sauti ya Karakana

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Natumaini u mzima na kazi ya saluni inakwenda. Mimi mwili hauna neno, ni mgongo ule ule.

Ile video uliyonichukua ulipokuja likizo, nimeonyeshwa na muuza misumari wa jirani. Kumbe nilipokuwa natengeneza jeneza la mwalimu ulikuwa umenielekezea simu kimyakimya. Nasema peke yangu, kama ninavyosema siku zote kazini, "Pima tena, mpumbavu wewe, marehemu harudi kulalamika." Ukaweka na muziki. Watazamaji milioni moja na laki mbili. Karakana hii nimeijenga miaka ishirini na sita, sikurithi hata randa, na jina limebadilika kwa wiki moja. Vijana wakipita mlangoni: "Pima tena, mzee!" Katika hao milioni, hakuna aliyeagiza hata stuli.

Iondoe.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, pole na mgongo.

Usikasirike, baba. Watu wanakupenda. Kuna mama kaandika kwamba hajacheka tangu afiwe na mumewe, kwako kacheka. Hata mimi nikitoka saluni miguu imevimba, naangalia vichekesho mpaka usingizi unichukue. Ndiyo kupumua kwangu. Nikifuta yangu zitabaki zao, wameshainakili. Na nilikuwa na wafuasi mia tatu, sasa ni elfu arobaini. Nivumilie kidogo, watu wa mtandaoni wanasahau upesi.

Mwanao

2 Aprili

Kitindamimba,

Salamu. Afya ipo.

Wiki iliyopita walikuja watoto na wajukuu wa yule mama fundi cherehani aliyekushonea sare za shule. Wamefiwa naye. Nikawa naangalia vipimo walivyoniletea, mdomo ukateleza kwa mazoea: "Pima tena." Mjukuu mmoja akacheka. Akajizuia, akashindwa, akawaambukiza wenzake. Binti mkubwa wa marehemu akaniambia huku analia, "Mzee, hata msiba wetu unauigizia?" Wakaondoka. Wamemzika kwa jeneza la dukani.

Yule mama nilimfahamu tangu hujazaliwa. Sikuwa naigiza. Sasa nafanya kazi nimebana midomo, na mkono umeanza kukosea, kwa sababu ile sauti ndiyo iliyokuwa inausimamia. Juzi nimekata ubao mfupi, kosa la mwanafunzi.

Hili halivumiliki. Nijibu.

Baba yako

29 Aprili

Kitindamimba,

Hali yako siulizi, nimeiona.

Nilingoja barua. Akaja muuza misumari na simu yake. Umekaa kitandani, machozi yanakutoka, unasema, "Baba yangu, nisamehe." Umesema vizuri, hata fundi cherehani umemtaja. Watazamaji laki sita na elfu kumi na mbili. Maoni nimesomewa: wamekusamehe karibu wote, wamekuwekea mioyo. Mmoja tu kauliza mzee mwenyewe anasemaje, wakamwambia anyamaze.

Hesabu yake ndiyo inanishinda. Watu laki sita hukuwakosea, umewaomba radhi. Simu yangu haionyeshi picha, lakini inaita, na namba unayo.

Video ilipokwisha ikajirudia yenyewe, ukalia tena pale pale ulipolia mwanzo. Muuza misumari akaizima, akaniuliza, "Sasa mzee, umemsamehe?"

Nikamwambia bado sijaombwa.

Baba yako