Gazeti Lenye Mashimo

Chebet mjukuu wangu,

Huku Eldoret tuko salama, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Unasema mnasoma riwaya ya nchi inayokataza watu kusoma, na neno "censorship" limekushinda kueleza darasani. Mimi sihitaji kamusi.

Enzi za ukoloni, Mzungu mwenye shamba tulilofanyia kazi alikuwa akitununulia gazeti la Kiswahili, lakini kwanza alikata kwa wembe habari asizotaka tujue. Kila Jumapili baada ya ibada niliwasomea watu kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimesomea misheni. Nikifika kwenye shimo, nilinyamaza kwa muda ambao ningetumia kuisoma habari hiyo. Hakuna aliyekohoa.

Siku moja yule Mzungu akatukuta kimya.

"Mbona husomi?"

"Nasoma, Bwana. Nimefika pale ulipokata."

Akawa mwekundu, akaenda zake, na gazeti halikuja tena. Lakini Jumapili iliyofuata watu walikuja vilevile, wakaketi kwenye nyasi. Nikasimama mbele yao mikono mitupu. Mzee mmoja akavua kofia, akaniambia, "Haya mama, tusomee."

Nikawasomea yote kimya kimya, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Ni mimi nyanya yako, na macho bado yanaona.