Ukurasa wa 40 Umekosea

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tumeingia mtandaoni! Maktaba yetu ya Isevya — vyumba viwili, rafu kumi na moja — ina tovuti. Mtu anatafuta kitabu kwa simu akiwa kwake, na chini ya kila kitabu anaweza kuandika maoni. Mzee Dionis, mkuu wangu, kauliza nani ataandika. Nikasema watu.

Nimefungua mara tisa leo. Hakuna aliyeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Maoni ya kwanza! Chini ya kitabu cha ufugaji nyuki. Anajiita Mfugaji wa Ntalikwa: "Ukurasa wa 40 umekosea. Moshi mwingi hivyo, asali itanuka. Puliza mara tatu, inatosha."

Nimecheka peke yangu kaunta kama chizi.

Jumatano, 12 Machi

Maoni yamefika kumi na manne, yote ya Mfugaji. Wafugaji wanakuja, leo mmoja katoka Lusu! Wanataka kitabu wakisome na masahihisho yake, simu pembeni. Mzee Dionis hafurahi. Anasema kitabu kimeandikwa na msomi, hawezi kukosolewa na mtu asiyejulikana. Nifute yote kufikia Ijumaa. Nikamwomba tumwite kwanza mwenyewe ajieleze. Kakubali shingo upande. Nikaandika mwaliko palepale chini ya kitabu: Ijumaa, saa nne.

Jibu limekuja kabla sijamaliza chai. "Nitakuja."

Ijumaa, 14 Machi

Nimejificha stoo niandike.

Saa nne kaingia Mama. Mama yangu! Kitenge cha kwaya ya Moravian, chupa ya asali kwapani. Nikamwamkia, nikauliza nani anaumwa nyumbani.

"Marahaba. Hakuna anayeumwa. Mmeniita. Mfugaji ni mimi."

Mizinga yake naijua, lakini kuandika? Mama, ambaye maisha yangu yote nimemsomea barua, maelezo ya dawa, hata meseji! Ambaye kila fomu aliweka dole gumba! Kumbe tangu mwaka juzi anakwenda kisomo cha watu wazima kanisani, kila Jumatano mchana. Hakuniambia, anasema, kwa sababu ningemharakisha. Kweli, ningemharakisha. Nimecheka na machozi juu.

Mzee Dionis akaanza kumhoji. Mama akakifungua kitabu mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti — polepole, silabi kwa silabi — kisha akaeleza kosa liko wapi. Wasomaji wote wakashusha magazeti. Mzee Dionis akavuta kiti, akakaa. Habari za kufuta hajazigusa tena. Kauliza tu, moshi wa kuni gani ni mzuri.

Sasa Mama anataka kadi ya uanachama. Nikashika kalamu nimjazie, mazoea tu. Akanipokonya. "Recheli, sogea. Unaniziba mwanga."

Nachungulia mlangoni. Jina, tayari. Kijiji, tayari. Amefika kwenye Kazi. Ameandika "Mku", akaifuta. Kumbe "Mkulima" hataki? Anaandika tena, ulimi nje, Mzee Dionis kainama kusoma begani kwake. Herufi kubwa kubwa, naziona hadi huku: Mtaalamu wa nyu—