Kikombe Chekundu cha Tusa

Ilomba, Mbeya

Mama yangu,

Kamwene mama. Mnaendeleaje huko Ilula? Mgongo unakusumbua bado? Nyanya zimestahimili baridi? Huku mjukuu wako Tusa anakula na anacheza. Naanza na hilo ili usishtuke na yanayofuata. Sikupiga simu maana nikisikia sauti yako nitalia tu mpaka salio liishe. Barua nimempa jirani anayekuja huko kuchukua nyanya. Akusomee mdogo wangu Teresia peke yake, mlango ufungwe.

Mama, unakumbuka ulivyokuwa unalaza kata ya maji juu ya sufuria ya uji? Hakuna aliyepakua bila kuishika ile kata, na ukiishika unakumbuka kuku hawajapewa maji. Ulisema kichwa kinasahau, jicho halisahau. Basi Tusa alipoanzishiwa dawa ya kifafa nikafanya vilevile. Nilinunua kikombe chekundu, nikakiweka dirishani anapopita kila mtu. Kikisimama, hajanywa. Akishakunywa, tunakilaza kifudifudi. Dawa ya jioni nampa mimi, kisha naosha kikombe na kukisimamisha tayari kwa asubuhi. Ya asubuhi alikuwa anampa wifi yangu Subi, mdogo wake Baba Tusa, kwa sababu mimi alfajiri natoka kwenda Iyunga kupika chapati za madereva wa malori, na Tusa hanywi dawa kabla ya uji.

Nikirudi mchana naangalia dirishani kwanza. Kimelala. Roho inatulia. Ile dawa ni tamu kama juisi, kwa hiyo nikikiinua nawakuta sisimizi wamejaa ukingoni, nawapuliza, naosha. Kuna siku wakaacha kuja. Nikasema ni baridi hii ya Mbeya.

Wiki iliyopita narudi nakuta watu wamejaa uani. Tusa ameanguka karibu na jiko la mkaa, mkono umeungua. Kidogo mama, unapona. Nikamwingiza ndani, nikatazama dirishani: kikombe kimelala. Nikasema basi, dawa imeshindwa. Nikakiinua. Kikavu, mama. Hakinati. Hakuna hata sisimizi mmoja.

Nikamwita wifi. "Subi, mtoto amekunywa dawa leo?"

"Si umekikuta kimelala?"

"Nakuuliza wewe, sikiulizi kikombe."

Akainamisha kichwa. "Wifi, usikasirike. Kuna mwombeaji nampeleka Tusa kwake. Alisema tukichanganya maombi na dawa tunamjaribu Mungu. Nilitaka apone kabisa, wewe uje ushangae tu."

"Na kikombe? Mwombeaji ndiye aliyekuja kukilaza?"



Maombi siyakatai, hata mimi naomba. Angeniambia, "Wifi, dawa mimi simpi," tungegombana, ningembeba mtoto wangu niende naye kazini, yangeisha. Angekuwa amesahau, ningesema ni binadamu. Lakini hakusahau hata siku moja! Kila asubuhi alikiona, akakishika, akakilaza ili nikirudi nifurahi. Na huyu Subi ndiye aliyenikanda maji ya moto nilipojifungua. Nilimwona ni dada yangu.

Baba Tusa anasema, "Alikosea kwa upendo, yaishe." Kumbe alijua wanaenda kuombewa. La kikombe hakujua, nami namwamini, ila nimebaki mpweke ndani ya nyumba yangu.

Hospitali nesi aliniambia dawa ile haikatizwi hivihivi. Tumeanza tena. Sasa alfajiri namfunga Tusa mgongoni, mzito kweli, kikombe kwenye kapu. Pale mgahawani kinakaa dirishani na madereva wote wamekijua. Juzi mmoja alipiga kelele, "Mama Tusa, kikombe bado kimesimama! Mpe mtoto kwanza, chapati zangu zitangoja." Mwenzake akamwambia, "Wewe mwenyewe vidonge vya presha unasahau, kanunue kikombe chako!" Nilicheka, mama. Ni siku nyingi sijacheka.

Lakini mvua zikianza sitaweza kumbeba alfajiri. Ndiyo maana naandika. Nyanya zikiisha shambani, njoo ukae nasi. Nataka jicho ninaloliamini.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Tusa alikunywa dawa, akakilaza kikombe mwenyewe kwa ule mkono wenye bandeji, akaenda kucheza. Baadaye akakifunua, akapiga kelele, "Mama! Shangazi! Sisimizi wamekuja!" Subi akatoka mbio, akasimama pale, akawatazama wale wadudu, machozi yakamtiririka. Akanyoosha mkono akichukue akaoshe.

Nilimpa kitenge changu afute uso. Kikombe nilikiosha mwenyewe.

Bibi mwambie kitukuu wake, sijui ndiyo wanaitwa hivyo, ameshajua kusema kamwene. Msalimie baba mdogo mgema ulanzi, asikae mianzini mvua ikinyesha. Na wewe Teresia unayesoma, usilie mbele ya mama.

Nimekuwekea godoro lile jipya, upande wa dirisha.

Mwanao,
Vero, Mama Tusa