Mpika Chai Aliyegundua Kuwa ni Mkurugenzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiweza unijibu kabla ya Ijumaa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, nimeishia darasa la saba, napika chai katika ofisi ya serikali, kazi niliyotafutiwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni mkuu wa manunuzi pale na ndiye anayemsomesha kitindamimba wangu, nami kila siku namwombea baraka. Sasa Jumapili tumetoka ibadani, tukakaa kutazama ile tamthilia ya wezi wa mali ya umma, na yule bosi mwizi akamwambia mwenzake, "Kampuni tumeiandika kwa jina la mfagizi. Nani atamuuliza mfagizi?" Nikasimama wima. Mume wangu akasema, "Mama watoto, wewe si kioo, kaa chini tuone!" Nikakaa, ila moyo ulibaki umesimama, kwa sababu mwaka jana shemeji aliniletea karatasi jikoni, "Shemeji, weka sahihi hapa na hapa, ni za bima," nikaweka tisa bila kusoma, na kitambulisho nikampa.

Jumatatu nikatumwa kumpelekea shemeji bahasha, iko wazi, nikachungulia, Mungu anisamehe. Ndani ni barua yenye majina yangu yote matatu, "Mkurugenzi Mtendaji", nashukuriwa kwa kuleta vitanda mia mbili hospitali kuu miezi mitatu iliyopita. Mshauri, hospitali hiyo hiyo binti yangu kajifungulia sakafuni mwezi uliopita, nikamtandikia shuka langu!

Na sasa shemeji kaleta karatasi nyingine, anazitaka Ijumaa. Nikikataa, mwanangu atakosa shule, na mume atasema nimemuuza nduguye. Nifanyeje?

Mama Chai

Mama Chai, pole sana, hata mimi nimesoma barua yako nimeshika kichwa. Lakini acha nikugombeze kidogo. Sahihi tisa! Mbona nyanya sokoni unazigeuzageuza? Mwaka jana ulidanganywa. Ukiweka ya kumi baada ya kuiona bahasha ile, utakuwa mwizi mwenzao, na Mungu unayemwomba anajua tofauti.

Leo mwambie mumeo. Akipandisha sauti, muulize mjukuu wake kazaliwa wapi. Kesho nenda ofisi ya usajili wa makampuni, uombe nakala za kampuni yenye jina lako. Ukitoka hapo, pitiliza hadi ofisi ya msaada wa sheria, hawatozi hela, wakili akupeleke kwa wapelelezi wa rushwa ukaandike maelezo. Anayekwenda kwa miguu yake husikilizwa; anayefuatwa nyumbani hujieleza akiwa na pingu. Shemeji asinuse kitu, la sivyo mafaili yataungua.

Kuhusu shule, mtoto atahamia nyingine. Mama akifungwa hana pa kuhamia.

Ijumaa akija jikoni na kalamu, usiishike. Mwambie safari hii unataka kusoma kwanza. Halafu soma, mama, neno kwa neno, hata ikichukua mwezi.