Nimeitengeneza Bunduki ya Baba Mkwe, Sifa Kapewa Mchungaji

Dada Fauzia mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika.

Mimi ni fundi wa silaha katika duka moja hapa Kensington, na mchumba wangu Sagesse ni binti wa Papa Ezéchiel, fundi cherehani wa Malvern mwenye leseni ya kulenga shabaha, anayeipenda bunduki yake kuliko anavyonipenda mimi, sasa mwezi uliopita alinunua sehemu ya juu mpya yenye mtutu mrefu, akaifunga mwenyewe na kuacha ndani ya kitako bafa ileile ya zamani, yaani kile chuma kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, pamoja na springi yake, vyote vizito mno kwa mtutu ule, basi ikawa inapiga risasi moja inakwama, nikamweleza kwa heshima kwamba ukibadilisha juu lazima uangalie na vya ndani, akanijibu, “Kijana, hii bunduki iko na démon, wewe safisha mtutu tu, ingine usiguse.”

Alipoileta dukani, mchungaji Damien alikuwa ameshaimwagia mafuta ya upako hadi inateleza, na familia nzima iko siku ya tatu ya kufunga kwa ajili yake, Sagesse anasuka wateja saluni huku anayumba kwa njaa, moyo ukaniuma, nikatoa bafa ya gramu mia moja thelathini na tatu nikaweka ya themanini na tano na springi inayoendana nayo, nikanyamaza. Jumamosi ikapiga risasi thelathini bila kukwama. Sasa watu wanapeleka friji kanisani zikaombewe, kuna aliyepeleka mota ya geti, na Papa ametangaza kwamba aliyelitoa pepo lazima awe ndugu yake, kwa hiyo Jumapili Sagesse anaposwa na mdogo wa mchungaji. Nikisema, nitafukuzwa kazi kwa kugusa nilichokatazwa. Nikinyamaza, nampoteza. Nifanyeje?

Pitchou, Kensington

Pitchou mdogo wangu, pole. Nimecheka hadi machozi, halafu nimekasirika.

Ufundi wako sina ugomvi nao. Lakini mwenye mali alikwambia usiguse, ukagusa, tena silaha. Huruma si ruhusa. Na lililonikera zaidi ni hili: bafa zote mbili umenipa uzito wake kwa gramu, ila Sagesse hukuniandikia hata neno moja alilolisema. Baba anamtoa, mchungaji anampokea, wewe unalia, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi mwambie bosi wako, kabla hajasikia kwa mwingine. Ukitoka hapo nenda saluni, mweleze Sagesse yote, muulize anamtaka nani, kisha ufunge mdomo umsikilize. Halafu mwombe Papa Ezéchiel mwende uwanja wa shabaha, bunduki aishike yeye, umrudishie vile vizito mbele ya macho yake. Mchungaji naye aje, aombe mpaka achoke. Ikikwama, weka vyepesi, mzee ajionee. Usimcheke, na mambo ya Mungu usiyaguse.

Sagesse akikukubali, nendeni kwa mzee wote wawili. Akikukataa, nenda peke yako ukaseme vilevile, maana mzee sasa anaamini silaha mbovu inatengenezwa kwa mafuta, na siku ikimlipukia usoni hutaweza kusema hukujua.