Mrusi na Tanuri la Isansa

Jumapili, usiku

Hapa Isansa hakuna aliyeyeyusha chuma kunizidi. Uongo. Nilivukuta mivukuto tu, na tanuri moja nililiharibu.

Leo baada ya ibada mwalimu wa shule katusomea gazetini habari za Mrusi mmoja, mtaalamu wa chuma cha pua, aliyezeekea mbele ya matanuri. Nikauliza, "Naye alikatazwa kulala kwa mkewe moto ukiwaka, kama sisi?" Wakacheka, isipokuwa Yohana, aliyefukuzwa kazini ujanani kwa kosa hilo.

Mimi ndiye niliyetorokea kwa mke wangu. Tukaambulia mavi ya chuma matupu, chuma chenyewe hakuna, lawama akabeba Yohana.

Tangu jioni namwona Mrusi yule kando yangu, theluji mabegani, tunautazama moto mmoja.

Yohana bwana, miaka yote nimekuchongea mipini ya majembe bure. Nilipe kidogo tu: kesho nikikwambia, usiinuke kabla sijamaliza.