Waya wa Baba juu ya Paa la Mama Sarminah

Kejajar, Wonosobo
Jumapili asubuhi

Kwako Kaka Sembodo,

Salamu nyingi zikufikie huko Sorong, wewe na wifi Lestiani na wanangu. Natumaini kile kikohozi chako kimekwisha na joto la huko halikusumbui tena. Sisi huku ni wazima. Baridi imeshuka, asubuhi majani ya viazi yanaamka meupe kwa umande ulioganda, na Baba anavaa makoti mawili hata akiwa jikoni, lakini afya yake ni njema na anakula.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenicheka nisimalize, na nina jambo la kukueleza kwa utaratibu kabla hujalisikia kwa watu wa redio, maana wale midomo yao unaijua.

Kwanza habari ya antena ya redio ya Baba. Ile ya zamani iliangushwa na upepo, na tangu Mama afariki Baba hakuigusa tena. Macho yake nayo yamefifia, sindano ya kipimo haioni mpaka aikaribie kwa pua. Basi baada ya Idi akaamka akasema anataka kuzungumza nawe kwa redio yake, kwenye mawimbi ya mita themanini, kama zamani. Nikamwambia sauti yako ipo kwenye simu. Akanijibu kwamba kwenye simu huwa una haraka, ila kwenye redio mtu husubiri zamu yake.

Ningefanyaje? Nikamwomba msaada Mas Wiyono, yule aliyefiwa na mkewe anayelima viazi upande wa Tieng, ambaye naye ana leseni ya redio. Alikuja na mianzi mirefu begani. Mawimbi hayo ni marefu, na waya wake ni mrefu vilevile, kwa hiyo haukutosha uwanjani kwetu. Ilibidi upite juu ya paa la jirani yetu Mama Sarminah. Mwenyewe alikubali, kwa sharti kwamba waya usimguse kuku wake hata mmoja.

Kaka, kazi ile inataka subira. Tulipandisha waya, nikasoma kipimo: nguvu nyingi inarudi badala ya kwenda hewani. Mas Wiyono akasema waya ni mrefu mno. Tukaushusha, tukakata kipande kila upande, tukaupandisha, nikasoma tena. Ukungu ukiingia sindano inahama, ukitoka inahama tena. Baba alikaa dirishani akitukemea kwamba tunakata kama tunakata tambi. Mas Wiyono hakukasirika hata siku moja. Alikuwa akicheka, anashusha tena. Hatimaye sindano ya nguvu inayorudi ikalala chini kabisa, na jioni ile Makassar wakatujibu, kisha Ambon. Baba alifuta macho, akasingizia moshi wa jikoni.

Tatizo likawa moja. Kila Baba akizungumza, sauti yake ilitokea kwenye kipaza sauti ambacho Mama Sarminah hukitumia kwa darasa la dini nyumbani kwake. Alhamisi akina mama walikuwa kwenye darasa lao, ustadhi anaeleza subira, mara Baba akaingia katikati akimuuliza mtu wa Ambon kama bawasiri yake imepona. Mama Sarminah alikuja mlangoni kwetu akiwa amejifunga mtandio kiunoni. Tuliomba radhi sana.

Ndiyo maana Alhamisi iliyofuata Mas Wiyono alikwenda kwake na pete za sumaku za kuzuia mawimbi ya redio, azungushie nyaya za kile kipaza sauti kabla darasa halijaanza, akina mama wakiwa wanakusanyika. Mimi nilibaki na Baba kurekebisha sauti ya redio yetu. Kazi hiyo hufanywa kwa kuchomeka redio kwenye lile kopo la mafuta lenye resista ndani, linalomeza nguvu yote ili sauti isitoke nje. Nilimwuliza Baba kama kopo limechomekwa. Akasema tayari, nizungumze chochote, ila nisihesabu moja mbili kama kasuku, niseme maneno marefu.

Sasa Kaka, lililonifanya nikuandikie ni hili. Nilisema maneno marefu. Nilisema kwamba tangu niachane na Gunardi nilijiapiza sitaki mwanamume tena maishani. Nikasema kwamba siku zote hizi za kukata waya nimekuwa nikiombea sindano isikae sawa upesi, ili Mas Wiyono arudi kesho. Na kwamba akiniuliza, nitakubali.

Kopo halikuwa limechomekwa. Redio ilikuwa kwenye antena.

Kisha kutoka ng'ambo ya ua nikasikia kipaza sauti cha Mama Sarminah kikikwaruza, na yeye mwenyewe akasema kwa upole: "Wening, tumekusikia mwanangu. Na huyu hapa amepiga magoti nyuma ya spika, amesikia pia."

Nilitaka ardhi inimeze. Mas Wiyono akaja mpaka dirishani, koleo bado mkononi, masikio mekundu. Akasema, "Nikuulize sasa, au tusubiri akina mama waondoke?" Nikamwambia aulize tu, kwani kimebaki nini cha kuficha. Akauliza. Nikakubali.

Baadaye nilimbana Baba kuhusu kopo. Kwanza alisingizia macho. Nilipozidi kumtazama akasema, "Nilichoka kuwasubiri."

Nikahi itakuwa mwezi ujao, tukishavuna viazi, na Baba ndiye walii wangu wa kuniozesha. Ninaomba baraka zako, Kaka, na ninaomba uje. Nina furaha, na sikudhani nitaliandika neno hilo tena.

Kikapu kilichokuja na barua hii kina karika za kopo, yale mapapai madogo ya huku milimani, na viazi vya kukaanga, wagawie watoto. Nisalimie wifi, umbusu mwanenu mdogo. Nasi Jumamosi baada ya isha tutakuwa hewani kukutafuta. Baba amekwisha niambia kwamba hataanza na namba yako ya redio, atakuita kwa jina alilokuita Mama. Ukilisikia, usimkawize.

Ni mimi mdogo wako,
Wening